Maswali na Majibu: Jan, Jina la Herufi Tatu

Swali: Mwenzangu kazini ni Mholanzi, anaitwa Jan. Mimi humwita "Jani", kama jani la mti, naye hutabasamu tu. Ninakosea?

Jibu: Unakosea, ingawa yeye ni mstaarabu hakwambii. Mwite "Yan". Waholanzi, Wajerumani, Wapolandi na Wacheki husoma J kama Y yetu. Kisha funga kwenye N, usiongeze irabu. Najua ulimi wetu hautulii mpaka umalizie na "i", lakini jaribu mara kumi ukiwa peke yako. Mtu kuitwa jina lake sawasawa ni heshima asiyoisahau.

Swali: Ni kweli Jan ndiye Yohana?

Jibu: Ndiye. Mzizi ni Yohanan la Kiebrania, maana yake Mungu ana neema. Wagiriki walisema Ioannes, Walatini Iohannes, kisha kila watu wakalifupisha kivyao. Wajerumani walitupa mwanzo wa Johannes, wakabaki na Hans. Wengine walibana jina lote likawa Jan. Juan, João, Giovanni, Ivan, John, Sean na Ian wote ni wa ukoo huo.

Wanaonivutia zaidi ni Wacheki. Kwenye karatasi mtu ni Jan, kama Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto kule Konstanz mwaka 1415. Nyumbani mtu huyohuyo huitwa Honza, na Honza limetokana na Hans! Kwa hiyo mtu mmoja hubeba vifupisho viwili vya jina moja, na wengi hawana habari.

Swali: Nilipokuwa Warsaw niliona bango la barabara limeandikwa "aleja Jana Pawła II". Huyo Jana ni mwanamke?

Jibu: La, ni Papa Yohane Paulo wa Pili. Kwa Kipolandi jina hubadilika mwisho kufuatana na kazi yake katika sentensi, na hapo "Jana" maana yake ni "ya Jan". Ila Jana lipo pia kama jina kamili la kike, hasa kwa Wacheki.

Swali: Mbona Jan niliyekutana naye Uingereza ni mama?

Jibu: Huko mara nyingi ni kifupi cha Janet au Janice, na hutamkwa kwa J ya "jambo". Ukoo ni uleule wa Yohana, upande wa kike.

Swali: Na Muirani anayemwita mwanawe "Ali jan"?

Jibu: Hapo hakuna udugu. Jan la Kiajemi ni roho, uhai. Likifuata jina la mtu ni kumwambia "mpenzi wangu". Waafghani na Waarmenia nao hulitumia. Waturuki wamelifanya jina kamili la mwanamume, wakaliandika Can, maana C yao ndiyo J yetu. Ukikutana na huyo, sema "Jan" kwa J ya "jambo", bila wasiwasi.