Kabla hujanunua chai mpya, shusha mikebe ya zamani

Mwaka huu upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, nilishusha mikebe yangu yote ya chai kutoka kabatini na kwenye zidaka za ukutani katika chumba cha ndani, nikaipanga juu ya mkeka. Ilikuwa 23. Mingine nilikuwa nimeisahau kabisa. Kuna aliyoniletea kaka yangu akija likizo kutoka Dubai, kuna niliyoinunua Mombasa, kuna pakiti za chai ya viungo kutoka Unguja, na kuna vijisanduku nilivyoachiwa na wageni nilipokuwa nikipika katika nyumba moja ya wageni kule Shela, kijiji cha hapa Lamu. Kila mmoja niliupenda siku nilipoufungua. Nilitaka kujua kama bado naupenda, na kama siupendi tena, kilichobadilika ni chai au ni mimi.

Nikaonja mkebe mmoja kila siku baada ya sala ya alasiri, kwa karibu wiki tatu. Nawasihi wote wanaoweka chai zenye ladha nyumbani wafanye hivyo angalau mara moja kwa mwaka, na wasiharakishe. Ukionja tano kwa kikao kimoja, ya tatu utaisifu bure na ya tano utaidhulumu, kwa sababu ulimi umeshachoka. Funda la kwanza lisiwe na sukari. Najua hapa Lamu chai isiyo na sukari ni kama adhabu, lakini sukari huficha mengi, na wewe unataka kuijua chai yenyewe. Ukishaijua, tia vijiko vyako.

Anza kabla ya kuwasha jiko. Mimina majani kidogo kiganjani, yapulizie pumzi ya joto, halafu nusa. Joto la pumzi huamsha harufu iliyolala, na papo hapo utajua kama ipo au imekwenda. Kisha chukua jani moja ulivunje. Likikatika, ni kavu. Likipinda, limeshaingiwa na unyevu. Sisi tunaoishi kando ya bahari hatuna budi kuwa wakali katika jambo hili, maana wakati wa masika hata chumvi hulowa ndani ya kopo lake. Mikebe yangu mitatu ilikuwa na harufu ya uvundo. Hiyo niliimwaga bila kuionja, na wewe imwage. Chai iliyoota ukungu haina dawa.

Mkebe ulioniuma zaidi ni wa Earl Grey. Chai hiyo ni majani meusi yaliyotiwa mafuta ya ganda la begamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa sana Calabria, kusini mwa Italia. Niliipenda kwa ule ukali wake wa ganda la ndimu, unaofika puani kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nilimmiminia mama mkwe wangu, akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini taratibu. “Hini si chai, mwanangu,” akaniambia. “Hini ni udi.” Alisema kweli. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na mkebe ulikaa kidaka kimoja na chetezo na kopo la udi kwa muda nisioweza kuukumbuka. Majani ya chai yakishakaushwa hunyonya harufu yoyote iliyo karibu. Usiyaweke pamoja na udi, wala sabuni, wala bizari, wala kwenye friji yenye samaki. Kuna chai nyeusi ya China, Lapsang Souchong, ambayo hukaushwa kwa moshi wa msonobari. Hiyo nayo itenge peke yake, kwani itazinukisha moshi zote zilizo jirani.

Lakini tabia hiyohiyo iliyoniharibia Earl Grey ndiyo inayotupa chai ya asumini, na hapa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo chai niliyoidhulumu kuliko zote.

Mjini kwetu hakuna asiyelijua ua la asumini. Matumba yake huchumwa yakiwa yamefumba, jioni hufumbuka, na usiku kikuba, kile kishada cha maua wanachojipamba wanawake, ndipo kinaponukia. Wachina wa mkoa wa Fujian wanaijua siri hiyohiyo. Huchuma matumba mchana, na usiku maua yanapofumbuka huyachanganya na majani ya chai ya kijani, yakalala pamoja hadi majani yanywe harufu. Asubuhi maua huondolewa, na kwa chai nzuri kazi hiyo hurudiwa usiku baada ya usiku kwa maua mapya. Kwa hiyo ukifungua mkebe usione ua hata moja, usidhani umepunjwa. Harufu imo ndani ya jani.

Mkebe wangu wa asumini ulikuwa umekaa miaka miwili kwa sababu nilikuwa nimeshauhukumu kwamba ni mchungu. Nilipoutoa safari hii ndipo nilipokumbuka nilivyokuwa nikiupika: sufuriani, maji yakitokota, kama ninavyopika chai ya maziwa ya watu wanane. Chai ya kijani haivumilii hivyo. Chemsha maji, yamimine kwenye jagi lililo wazi, uyaache kama dakika tano mpaka yashuke karibu nyuzi 80, ndipo uyatie kwenye buli lenye majani. Hesabu dakika mbili, uchuje. Nilipokinywa kikombe hicho nilikaa kimya. Kilikuwa chepesi, kitamu bila sukari, na baada ya kumeza harufu ilirudi puani kama mtu mwenye kikuba aliyepita ukumbini. Miaka miwili nilikuwa nimeilaumu chai kwa kosa la moto wangu.

Tangu hapo sikuiamini tena hukumu yangu ya kwanza. Nilizirudia zote nilizokuwa nimezikataa, na mara nyingi kosa lilikuwa la maji. Maji ya visima vyetu ni mazito kwa madini, na mengine yana chumvi. Chukua chai ileile, kijiko kilekile, upike kikombe kimoja kwa maji ya kisima na kingine kwa maji ya mvua au ya chupa. Kile cha kwanza kitafanya utando juu na rangi itakuwa ya giza. Cha pili kitang’aa. Chai ya viungo vikali haitaathirika sana, lakini ladha nyepesi kama begamoti au waridi hupotelea humo. Ikiwa huna maji mengine, kamulia matone ya ndimu kwenye chai kavu, isiyo na maziwa: utando huondoka. Usijaribu hivyo kwenye chai ya maziwa, itakatika.

Nikizungumzia maziwa kukatika, pakiti moja ya chai ya tangawizi ilikuwa imepoa ladha, nikaiongezea tangawizi mbichi niliyoitwanga. Wengi hutia tangawizi pamoja na maziwa halafu hulalamika kuwa maziwa yalikuwa mabovu. Tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na moto hukiua. Ichemshe kwanza kwenye maji kwa dakika kadhaa, tia majani, na maziwa yaje mwisho.

Zile pakiti za viungo kutoka Unguja zilinihuzunisha. Zilikuwa na rangi nzuri, harufu hakuna. Iliki ikishasagwa mafuta yake huruka haraka, na mdalasini na karafuu hufuata kwa mwendo wao. Nimeacha kununua viungo vilivyosagwa. Sasa naweka iliki zikiwa na maganda, vijiti vya mdalasini na karafuu nzima, kila kimoja kwenye chupa yake, na natwanga kiasi cha birika moja tu. Majani yenyewe hayakuwa yamekufa, kwa hiyo niliyatumia kama chai ya kawaida nikayatilia viungo vipya. Chai yetu ya Kericho na Limuru nyingi husagwa ikawa chenga ndogo zinazokoza haraka, nayo hubeba viungo vizuri mno; iliki na maziwa na chenga za Kericho ni watu wa nyumba moja.

Ile nyekundu ya Afrika Kusini, rooibos, sina mengi ya kusema juu yake. Haitoki kwenye mti wa chai na haikatazi usingizi. Iache iive hata dakika kumi, haiwi chungu. Yangu ya ladha ya ganda la chungwa ilikuwa bado hai, na bado naipenda baada ya isha. Ya vanila siipendi tena. Iko vilevile, mimi ndiye niliyehama.

Na kuna mkebe wa waridi. Kaka yangu aliuleta ukiwa umefungwa kwa karatasi ya dhahabu, nikasema huu ni wa wageni, utafunguliwa siku ya harusi. Harusi ikaja, nikaona watu ni wengi mno hautatosha. Idi zikaja zikapita. Nilipoufungua mwezi wa tano ulikuwa umetimiza miaka minne, na petali zilikuwa nzuri kwa macho, rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, lakini nilipozipulizia pumzi hazikunijibu. Niliupika hata hivyo. Yalikuwa maji ya moto yenye rangi. Nyumbani tulikuwa sita siku hiyo, na ungetutosha sote siku yoyote ya ile miaka minne.

Kwa hiyo sasa kila mkebe una kipande cha plasta chenye tarehe niliyoufungua. Chai yenye mafuta ya ladha naipa mwaka, zisizidi miezi 18. Mikebe mikubwa iliyobaki nusu nimeihamishia kwenye midogo, ili hewa ndani iwe kidogo, na yote iko kwenye kabati la mbao mbali na jiko na mbali na jua la uani. Mtoto wa jirani amechukua ile ya moshi, yeye ameipenda. Nimebakiwa na 14, na sinunui mpya mpaka zifike nane.

Ya asumini imebaki kama vijiko sita. Nitaimaliza kabla ya upepo wa kaskazi kuanza kuvuma.