Kutoka kuvuta faiba hadi kuchunguza uhalifu wa mtandaoni: nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa faiba hapa Nairobi, huu ni mwaka wa tatu. Nina diploma ya TEHAMA na cheti cha CCNA. Kutwa niko juu ya ngazi Umoja na Donholm nikivuta waya, kufunga ruta na kujibu wateja wanaolalamika kwamba intaneti imepotea. Ninachotaka hasa ni kuwa mchunguzi wa mitandao, yule anayefuata nyayo za mdukuzi mpaka ukweli ujulikane. Wenzangu wananiambia bila digrii na vyeti vya bei ghali nisijisumbue. Wengine wanasema kazi yenyewe imeisha, maana siku hizi kila kitu mtandaoni kimesimbwa na hakuna kinachosomeka. Nianzie wapi? Na laptopu yangu yenye RAM ya GB 8 itafaa?

JIBU: Dada yangu, vyeti tutavifikia. Kwanza nikusimulie kisa kimoja, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi unayoiulizia imo ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na sacco moja hapa mjini. Pesa zilikuwa zimetolewa kwenye akaunti za wanachama ambao hawakuwa wamegusa akiba yao kwa muda mrefu, zikapelekwa kwenye laini za simu na kutolewa kwa mawakala mara tu vibanda vilipofunguliwa. Niliwekewa mezani vitu vitatu. Cha kwanza, maelezo ya askari wa zamu: aliona taa ikiwaka ofisi ya juu "saa nane usiku, kuamkia Jumanne". Cha pili, picha za kamera: mtu aliyefunika kichwa anapanda ngazi, na saa ya kamera inasoma 2:14. Cha tatu, logi za seva, yaani rekodi za nani aliingia na saa ngapi: akaunti ya karani mmoja wa kike iliingia Jumatatu, 23:07.

Meneja alikuwa ameshaandika barua ya kumsimamisha karani huyo kazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Saa 23:07 ni saa tano na dakika saba usiku, na daftari la mlangoni lilionyesha kwamba Jumatatu hiyo karani alibaki kufunga hesabu za mwezi na kutoka saa tano na nusu. Alikuwa ndani ya jengo, na akaunti ni yake. Nini tena?

Niliomba kuiona seva yenyewe. Saa yake ilikuwa imewekwa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo 23:07 ya Jumatatu kwenye logi ni saa nane na dakika saba ya usiku wa kuamkia Jumanne kwa saa ya ukutani, wakati karani alikuwa amelala kwake. Kisha nikasimama mbele ya kinasa cha kamera, nikashika simu yangu kando ya kioo chake na kupiga picha saa zote mbili pamoja. Kinasa kilikuwa mbele kwa dakika 11. Yule mtu wa ngazini hakupanda 2:14, alipanda 2:03. Dakika nne baadaye akaunti ikafunguliwa. Askari, kamera na seva walikuwa wakisema jambo moja tangu mwanzo, ila kila mmoja alilisema kwa saa yake. Barua ya kumsimamisha karani ilichanwa mbele yangu.

Nimekusimulia haya kwa sababu vijana wengi wanaoniandikia huuliza programu gani watumie. Siku ile kitu cha maana zaidi nilichotumia ilikuwa kamera ya simu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wa ziada hapa: shahidi anahesabu saa kuanzia mapambazuko, mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, na logi nyingine inahesabu kwa UTC. Kila ripoti yangu huanza na jedwali la saa: chombo gani, saa yake imewekwaje, kilikuwa nyuma au mbele kwa sekunde ngapi siku nilipokipima. Jizoeze hivyo kuanzia sasa, kwenye ruta na swichi unazofunga.

Jambo la pili ni ushahidi wenyewe. Siku moja utasimama mahakamani Milimani, na wakili wa utetezi hatakuuliza unajua kutumia Wireshark, programu ya kusoma data inayopita mtandaoni, kiasi gani. Atakuuliza umejuaje kwamba faili uliyoifungua ofisini kwako ndiyo ileile iliyotoka kwenye seva. Jibu lake linaandaliwa dakika ile ile unapochukua nakala: unakokotoa hashi ya SHA-256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ulio kama alama ya kidole chake, unaiandika, na faili ikibadilika hata kwa herufi moja hashi inakuwa nyingine kabisa. Unaandika pia nani alikukabidhi diski, saa ngapi, ulifungia wapi, nani aliichukua baada yako. Unafanya kazi kwenye nakala, ya asili huigusi tena. Sheria ya Ushahidi ya Kenya ina kifungu cha 78A na cha 106B kuhusu kumbukumbu za kielektroniki, na hicho cha 106B ndicho kinachodai cheti kinachoeleza kumbukumbu ilitolewaje na kwa chombo gani. Visome mwenyewe, ni kurasa chache. Nimewahi kuona kesi nzuri ikilegea kwa sababu fundi alichapisha logi, akazitia kwenye bahasha na kuzileta bila cheti wala hashi.

Na kuna kosa linalotangulia yote, la kuzima na kuwasha. Mtambo ukishukiwa, mtu wa kwanza kufika huuzima. Yaliyokuwa kwenye RAM, yaani programu zilizokuwa zikiendeshwa na miunganisho iliyokuwa wazi, yanapotea hapo hapo. Waraka wa RFC 3227 wa mwaka 2002, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, uliweka kanuni ambayo bado tunaifuata: anza kukusanya kinachopotea upesi, malizia na kinachodumu.

Sasa hayo ya usimbaji. Ni kweli, ukinasa pakiti leo, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, utakuta nyingi hazisomeki, lakini kazi haijaisha. Wewe ni fundi wa faiba, kwa hiyo fikiria barua iliyofungwa kwa nta: huoni yaliyomo, ila unaona imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, saa ngapi, ina uzito gani. Mtandaoni ni hivyo hivyo. Kompyuta ya mhasibu inayopiga hodi kwenye anwani moja ya nje kila baada ya sekunde 60, usiku na mchana, hata siku ya Krismasi, hiyo haina mtu nyuma yake. Huenda ni programu hasidi inayomwuliza bwana wake ifanye nini. Seva ambayo kila siku hutuma MB chache, kisha Jumapili usiku ikatuma GB 40, huenda imebebwa kitu. Maswali ya DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, nayo mara nyingi hupita wazi, na hapo utaona jina la tovuti iliyotafutwa kabla pazia halijashuka.

Wala usidhani utahifadhi kila pakiti. Laini ya Mbps 100 ikijaa inapitisha GB 45 kwa saa, zaidi ya TB moja kwa siku. Ndiyo maana ofisi nyingi huhifadhi muhtasari tu: nani aliongea na nani, lini, kiasi gani. Muhtasari huo ndio utakaokuwa chakula chako cha kila siku, kwa hiyo ujue NetFlow, ambao ni mfumo wa kutoa muhtasari huo, na ujue Zeek, programu inayouandika kutoka kwenye pakiti.

Hapa kwetu kuna ugumu mmoja ambao kozi za ng'ambo huupitia juu juu. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP ya nje. Mdukuzi akitumia data ya simu, logi yako itaonyesha anwani ambayo dakika hiyohiyo inatumiwa na mamia ya watu, kuanzia mama mboga wa Gikomba hadi mwanafunzi wa Kahawa. Polisi wakienda kwa kampuni ya simu na amri ya mahakama, wakiwa na anwani tupu, watarudi mikono mitupu. Wanahitaji anwani, namba ya poti ya chanzo (inayotofautisha muunganisho mmoja na mwingine nyuma ya anwani moja), na saa sahihi hadi sekunde. RFC 6302 ilipendekeza mwaka 2011 kwamba seva zinazotazama intaneti zirekodi poti hiyo, na bado nakuta seva nyingi mjini zisizoirekodi. Ukiajiriwa popote, hata kama fundi wa kawaida, angalia hilo wiki yako ya kwanza.

Kuhusu kujifunza, mfano ninaoupenda ni wa Cliff Stoll, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyepewa kazi ya kusimamia kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley huko California. Mwaka 1986 aliambiwa hesabu za matumizi ya kompyuta hazilingani kwa senti 75. Angeweza kuzipuuza. Alizifuata, akaunganisha printa kwenye laini zilizokuwa zikiingia ili kila herufi aliyoandika mgeni yule ichapishwe, akaweka daftari la kila siku, na mwisho wake akapatikana Markus Hess, mdukuzi wa Ujerumani Magharibi aliyekuwa akiiuzia siri KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti. Katika maabara hiyohiyo ndiko tcpdump, programu ya kunasa pakiti, ilikozaliwa mwaka 1988, na Zeek mwaka 1995, wakati huo ikiitwa Bro. Zote mbili ni za bure, na utazitumia.

Kwa mazoezi, tovuti ya malware-traffic-analysis.net ina faili za pakiti kutoka mashambulizi halisi, pamoja na maswali na majibu. Fanya moja kila wiki. Ukimaliza usisome majibu kwanza: andika ripoti ya kurasa mbili kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi, umpe mtu asiyejua kompyuta asome, kaka yako au mhasibu wa kanisani. Akikwama, andika upya. Hakimu naye si mtu wa mitandao.

Lakini nakusihi jambo moja, na nalisema kwa uzito kwa sababu ya kazi unayoifanya. Unaingia nyumba za watu, unashika ruta zao, unajua nywila zao. Usinase pakiti za mteja hata kwa kujifunza. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 inamwekea anayenasa mawasiliano bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Na hata usipokamatwa, mchunguzi hawi mchunguzi tena akishajulikana kwamba huchungulia.

Sasa vyeti. Kile kinachogusa moja kwa moja unachokitaka ni GNFA cha GIAC, shirika la vyeti vya usalama wa kompyuta, na mafunzo yake huenda maelfu ya dola. Usikope pesa kukifuata. Kwa ulipofika, Security+ kisha CySA+ vya CompTIA vinatosha kukufikisha kwenye mahojiano, na CCNA yako ina thamani kuliko wanavyokuambia, kwa sababu wengi wanaoingia kazi hii hawajawahi kushika swichi. Digrii? Nikuambie ukweli: ofisi kubwa za ukaguzi wa hesabu zenye vitengo vya uchunguzi mara nyingi huitaka, na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, ambayo maabara yake ya uchunguzi Kiambu Road ilifunguliwa mwaka 2022, hupata watu wake kupitia Huduma ya Taifa ya Polisi. Mlango ulio wazi zaidi kwako ni benki na kampuni zinazolinda mitandao ya benki. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa usalama wa mtandao mwaka 2017, na benki zinahitaji watu wanaokesha wakitazama logi. Omba zamu ya usiku, ambayo wengi hawaitaki. Ukiikaa mwaka mmoja utakuwa umeona mashambulizi mengi kuliko aliyehitimu juzi, na digrii utaisoma jioni ukiwa na mshahara.

Laptopu ya GB 8 inatosha kwa Wireshark na Zeek ukifanyia kazi faili zisizozidi MB mia chache. Pesa ukizipata, kabla ya kuibadilisha nunua diski mbili za nje, moja ya nakala ya asili isiyoguswa na nyingine ya kazi.