Uwiano wa 3 haumaanishi benki ni rahisi

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia: "Kaka, dalali wa hisa kaniambia uwiano wa bei na faida wa hii benki ni 3 tu. Ni rahisi mno, ninunue?" Namjibu hapa hadharani, maana swali hili naulizwa hadi dukani kwangu Kilombero, hapa Arusha.

Hesabu yenyewe ni ndogo: bei ya hisa gawa kwa faida ya kila hisa, ya mwaka mzima. Ukipata 3, maana yake unalipa shilingi 3 kwa kila shilingi 1 ya faida ya mwaka. Ukichukua ya robo mwaka utapata jibu la ajabu. Kazi iko kwenye kulisoma jibu.

Tazama benki ya CRDB, yenye hisa kama bilioni 2.6. Mwaka 2017 mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawailipi inavyotakiwa, iliila faida, ikabaki shilingi bilioni 36 hivi, sawa na shilingi 14 kwa hisa. Bei ilikuwa juu ya 150, kwa hiyo uwiano ukavuka 10. Soko halikuwa limeipenda, faida ndiyo iliyoanguka. Mwaka 2019 faida ikafika bilioni 120, yaani shilingi 46 kwa hisa, na bei ikawa 95. Uwiano ukawa 2. Faida imepanda zaidi ya mara tatu, na watu wanauza!

Mimi ndipo nilipoongeza hisa. Kwenye kipaimara fulani pale Sakina, shemeji yangu alisema mbele ya wazee kwamba ada ya watoto nimeizika kwenye makaratasi. Ukumbi mzima ukacheka. Sikumjibu, ila neno lile liliniingia na mpaka leo halijatoka. Nyumbani nilikuwa na daftari, nimenakili kwa mkono taarifa za miaka mitano: faida, bei, gawio, mikopo chechefu. Gawio la 2019, yaani sehemu ya faida tunayogawiwa wanahisa, lilikuwa shilingi 17 kwa hisa ya 95. Benki gani ingenipa riba hiyo?

Mwaka 2023 faida ilikuwa bilioni 424, na hisa ikafunga mwaka kwenye 460 hivi. Mkutano mkuu wa wanahisa pale AICC, kituo cha mikutano cha hapa Arusha, nilikaa mbele kabisa. Sasa angalia: bei imepanda karibu mara tano, lakini uwiano umetoka 2 ukaishia chini kidogo ya 3. Aliyebeba mzigo ni faida.

Ndugu zangu, tuache kununua kwa sababu jirani kanunua. Andika miaka mitano. Kila uwiano unapobadilika, jiulize kilichosogea ni bei au ni faida. Nalirudia kwa sababu watu hawalifanyi: miaka mitano, kwa mkono wako mwenyewe.

Na wewe dada, muulize dalali hiyo 3 kaipata kwa faida ya mwaka gani, na tangu hapo mikopo chechefu imepanda au imeshuka. Ikiwa imepanda sana, faida ya mwaka huu inaweza kukatika nusu, na 3 yako ikageuka 6 bila bei kusogea hata shilingi moja.