Maswali ya Wasomaji: Swali na jibu la hesabu kwenye ukurasa mmoja

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Mimi ni mwalimu wa Adivansi, niko Pasua, Moshi. Tukitunga mtihani nataipu maswali kwenye Word, alafu majibu nayapata kwenye programu nyingine nakuja kuyaandika tena kwa mkono, ndo hapo alama ya kutoa inageuka kujumlisha na siku ya masahihisho darasa zima linabishana na mimi. Nimesikia kuna programu za bure unaandika swali na jibu linatokea humohumo. Ni kweli? Na hao wanaojitolea kuzitengeneza si wataniacha njiani?

JIBU: Ni kweli kabisa mwalimu, na ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni LyX, ilianzishwa 1995 na Mjerumani Matthias Ettrich, yuleyule aliyeanzisha KDE, mradi wa programu huria za Linux, mwaka uliofuata. Unaandika fomula yako, unaenda kwenye menyu ya kuhariri, sehemu ya hesabu, unachagua kutumia Maxima, programu ya bure inayokokotoa hesabu za alama, na jibu linakaa mbele ya alama ya sawasawa. Ya pili ni TeXmacs ya Mfaransa… samahani, ya Joris van der Hoeven, Mholanzi anayefanya kazi Ufaransa, hii unafungua kikao cha Maxima katikati ya waraka wenyewe, unauliza, inajibu hapohapo kwa maandishi mazuri ya hesabu. Kama shuleni wanang'ang'ania faili la Word basi angalia LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word, na nyongeza yake ya hesabu inaitwa iMath.

Mimi ningekushauri TeXmacs, kwa sababu LyX ili ikutolee PDF inahitaji LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa za hesabu, nayo iwe kwenye mashine, na hiyo ni mzigo mkubwa wa bando, TeXmacs inatoa PDF yenyewe.

Sasa nikueleze inavyofanya kazi maana ukielewa hapa hutasumbuka. Programu ya kuandikia haijui hesabu hata kidogo. Inachofanya ni kuigeuza fomula yako iwe mstari wa maandishi ya kawaida, inaupeleka kwa Maxima, inasubiri jibu, inalipamba na kulirudisha kwenye ukurasa. Ugumu wote uko kwenye hiyo tafsiri. Wewe unaandika 2x na kila mtu darasani anaelewa, Maxima inataka 2*x, ukiipa 2x inakwambia x sio opereta. Wale wa LyX wakaandika msimbo unaosoma hilo lalamiko, unaona limetokea wapi, unachomeka nyota pale na kujaribu tena. Mtu alikaa akalifikiria hilo bila kulipwa ili mwalimu asilazimike kubadilisha namna anavyoandika, mimi naliheshimu sana.

Lakini usiliamini jibu moja kwa moja ukalipeleka kwenye mwongozo wa kusahihisha. Ukiiomba intigresheni ya 1/x inakupa log(x). Kwake log maana yake ni ln, haiweki zile alama za thamani halisi (|x|), na haiweki c ya mwishoni. Mwanafunzi wako wa fomu siksi akiandika hivyo unamkata maksi, kwahiyo wewe ndo unamalizia. Na ukiipa x kwa kipeo cha n inakuuliza kwanza, je n ni sawa na -1? Kwenye kikao cha TeXmacs unaliona swali unajibu, kwenye LyX hakuna pa kujibia, basi hapo tumia kikao.

Kuhusu kuachwa njiani, angalia historia ya hiyo Maxima yenyewe. Ilianza kama Macsyma pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. Kuanzia 1982 toleo lake moja lilitunzwa na profesa mmoja wa Texas, William Schelter, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya Wizara ya Nishati ya Marekani kuiachia chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Alifariki 2001. Kwa sababu msimbo ulishakuwa wazi kwa kila mtu, watu wa kujitolea wakaupokea na mpaka leo wanatoa matoleo mapya. Programu ya kununua ikifungwa na kampuni unabaki na mafaili usiyoweza kuyafungua, hii hakuna wa kuifunga.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nasoma chuo hapa Arusha, Python naijua kiasi. Natamani kusaidia hizo programu ila naona ni za maprofesa. Naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usianzie kwenye Maxima, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Lisp na ni kubwa, anzia kwenye daraja, yaani kile kinachounganisha ukurasa na programu ya hesabu. Daraja la TeXmacs ni programu ndogo inayosoma mstari na kujibu, jibu likizungushiwa herufi mbili zisizoonekana, namba 2 ya kufungulia na namba 5 ya kufungia, na mwanzoni unataja ni maandishi ya aina gani, mfano latex. Basi. Ukiwa na Python na maktaba yake ya hesabu ya SymPy unaweza kuandika la kwako, ukaliona linaongea na ukurasa. Ukishafika hapo kasome madaraja yaliyopo, yako wazi, utaona pa kuboresha.

Na kuripoti hitilafu ni kazi kamili usiidharau. Kaa na mwalimu wa hesabu, chukueni maswali ya mitihani iliyopita mpitishe moja moja, linalogoma andika toleo la programu, mashine inatumia nini, fomula yenyewe, ulitegemea nini na umepata nini. Kiingereza chepesi kinatosha. Mtengenezaji aliyeko Ufaransa hawezi kujua fomula zinazotungwa Arusha zinakwama wapi mpaka mtu wa Arusha amwambie.

SWALI: Hizi zinafanya kazi bila intaneti? Msomaji, Usa River.

JIBU: Ndiyo. Ukishapakua na kuinstoli, hesabu zote zinafanyika ndani ya laptopu yako. Hata kwa flashi unaweza kumpelekea mwenzako faili la kuinstolia, leseni inaruhusu.