Sindano za homoni ya ukuaji kwenye IVF: nizikubali?

Pole dada. Nimekuelewa: umefanya IVF (yai kurutubishwa maabara kisha kurudishwa tumboni) mara mbili, mayai machache kila mara, na sasa daktari anataka kuongeza sindano za homoni ya ukuaji. Unauliza kama ni msaada au ni kukamuliwa fedha tu.

Kwa wanaopata mayai machache, sindano hizo zinaweza kuongeza moja au mawili. Ila wewe unatafuta mtoto, si hesabu ya mayai, na kwamba zinaongeza watoto wanaozaliwa bado haijathibitika. Mwongozo wa ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, wa mwaka 2019 haukuzipendekeza. Daktari anayekuhakikishia mimba kwa sindano hizi, mimi ningemkimbia.

Kabla ya kukubali, muulize: kipimo cha dawa zangu za kawaida kimeshabadilishwa? Mbegu za mume zimechunguzwa upya? Wakati mwingine huko ndiko kwenye nafuu.

Ukiamua kujaribu, pima sukari kwanza, maana homoni hii huipandisha. Mwenye saratani asiiguse kabisa. Wengine huvimba vidole hadi pete haitoki, viungo vikauma. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, piga simu hospitali siku hiyohiyo.

Na tafadhali, usiinunue kwa wauzaji wa gym, hata wakikupunguzia bei. Dawa hii hukaa kwenye friji. Ya kwao hujui imelala wapi.