Riwaya ya dawa ya kutokufa: nimeisoma yote, imeniuma

Mkuu, umeuliza kama ile riwaya ya kijana anayepanda mbinguni kutafuta dawa ya kutokufa ili amponye mama yake inafaa kununuliwa, maana jalada linasema imechotwa kwenye hekaya za Kichina. Mimi nimeimaliza. Usinunue. Kama kuna mtu anayo, azima.

Niliinunua kwa ajili ya Chang'e, mwanamke wa mwezini katika hekaya hizo. Kisa chake nilisimuliwa kazini na mwenzetu Mchina, siku aliyotuletea keki za mwezi, za sikukuu yao. Kwa kalenda yao ya mwezi ilikuwa tarehe 15 ya mwezi wa 8. Zamani majua yalikuwa 10, dunia ikaungua, mpiga mishale Hou Yi akayatungua 9. Malkia Mama wa Magharibi, mungu wa kike, akampa dawa ya kutokufa. Mkewe Chang'e akainywa, akapaa mpaka mwezini, na huko yuko hadi leo, mbali na mumewe. Wapo wanaosema aliiba, wapo wanaosema aliinywa isije ikaangukia mikononi mwa mwovu. Yule bwana alipofika hapo alinyamaza kidogo, nasi tukanyamaza. Uhai usio na mwisho, lakini peke yako!

Humo riwayani dawa ni kichupa tu. Kijana anakipata, mama anakunywa, anainuka kitandani, basi. Hakuna aliyepoteza kitu.

Joka nalo lina mabawa na linatema moto kwenye mashamba ya mpunga. Joka la Kichina ni la maji! Wafalme wa majoka wanakaa katika bahari nne, na watu waliyaomba mvua wakati wa ukame.

Kilichoniuma zaidi ni mbingu yenyewe. Mbingu ya Wachina ni serikali kamili, ina vyeo, majalada na ripoti. Hata jikoni kuna mungu anayepanda kila mwisho wa mwaka kumweleza Mfalme wa Jade, mtawala wa mbingu, mwenendo wa nyumba nzima, na watu humpaka asali mdomoni ili akaseme matamu. Mwandishi alikuwa na hazina yote hiyo mkononi, akatuwekea kasri, viti vya dhahabu na mabwana wawili wanaogombea binti mmoja. Ukibadilisha majina, hadithi inaweza kuwa ya nchi yoyote.

Kama ni hekaya zenyewe unazozitaka, tafuta Safari ya Magharibi, riwaya ya Kichina ya karne ya 16. Yote ina sura 100, ila tafsiri ya Kiingereza ya Arthur Waley ya mwaka 1942 imefupishwa, ina sura 30. Fika sura ya 4. Nyani Sun Wukong amepewa kazi mbinguni ya kutunza farasi, anawahudumia usiku na mchana mpaka wananenepa. Siku moja wako mezani na wenzake, anauliza cheo chake ni cha ngapi. Wanamwambia hakina hata daraja, kiko chini kabisa. Anaipindua meza, anachomoa fimbo yake ya ajabu sikioni, anaondoka zake.