Mkoko ukioza au ukichomwa, si kaboni ni ileile?

SWALI: Salamu mhariri. Huku kwetu Kwale kila siku tunaambiwa tusikate mikoko eti inahifadhi kaboni. Sasa mti hata usipokatwa si utakufa tu uoze, na hiyo kaboni irudi hewani? Nikichoma makaa nimeharibu nini hapo?
Msomaji, Kwale

JIBU: Ndugu yangu, swali zuri sana hili na kwa sehemu kubwa uko sawa. Mti unavuta hewa ukaa unaigeuza shina, majani na mizizi, ukianguka wanakuja mchwa, kuvu na bakteria wanaula, wakipumua kaboni inarudi hewani, kama wewe tu ukishakula ugali. Mimea ya nchi kavu dunia nzima inavuta kama tani bilioni 120 za kaboni kwa mwaka na karibu zote zinarudi.

Lakini angalia muda. Boriti za mikoko kwenye dari za nyumba za zamani kule Lamu zimekaa miaka mia na zaidi na kaboni yake imo mlemle, ila gunia lako la makaa linaisha jikoni siku chache, na mkoko mwingine wa unene ule utausubiri miaka.

Halafu kuna tope, na hapa ndo penyewe. Ingia mikokoni maji yakitoka, chimba kidogo tu, utasikia harufu ya yai viza. Hao ni bakteria wanaoishi bila oksijeni, kule chini hewa haipiti kwa hiyo kuoza kunakwenda polepole mno, mizizi iliyokufa inabaki humo, majani ambayo kaa wanayaburuta mashimoni nayo yanabaki, mengine yamezikwa mamia ya miaka, yaani kaboni nyingi ya mikoko iko chini huko wala si kwenye shina unalolipigia shoka. Ukifyeka, mizizi inakufa, tope linachukuliwa na maji au linapata hewa, na kilichozikwa tangu enzi za mababu kinaanza kuoza upya. Hiyo hata upande miche kesho hairudi upesi.

Wenzako wa Gazi, hapohapo Kwale, tangu 2013 wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko, yaani wanalipwa kwa kuitunza ili kaboni ibaki humo, kupitia mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja, na pesa imeenda kwenye maji na shule. Na kwa kuwa watu lazima wapike wajenge, wamepanda mivinje nchi kavu, inakua haraka. Anzia hapo, hata ukiwa na kipande kidogo tu cha shamba.